Bendera Haibebwi na Anayechechemea

Jumapili, 4 Agosti

Leo nimeuona tena Mlima Prau. Dirisha la jikoni, nikiosha mchele. Ukungu ulipasuka, mgongo wa kijani ukajitokeza nyuma ya paa la jirani, na juu yake nikajiona mimi. Mimi kabisa! Nimesimama kwenye majani, upepo unacheza na mtandio wangu, bendera nyekundu na nyeupe inapanda polepole mikononi mwangu, akina mama wote wa mtaa wanatokwa na machozi. Nilipozinduka nusu ya mchele ilikuwa imeshaingia kwenye bomba la maji machafu. Mume wangu akauliza tunakula nini. Nikamwambia asubiri historia.

Jioni, kikao cha akina mama nyumbani kwa mwenyekiti wetu, Bu Kusrini, yaani Mama Kusrini, mwalimu mkuu mstaafu. Katangaza kwamba mwaka huu, Siku ya Uhuru, hakuna mbio za magunia. Tutapanda Prau na kupandisha bendera kule juu, kama wafanyavyo vijana. Kila mtu akamgeukia Bu Lestiyah, mke wa fundi cherehani, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Kila mwaka bendera ni yeye. Anatembea amenyooka kama rula. Na mimi kila mwaka niko nyuma, nimeshika waya wa maikrofoni.

Nikasimama. Nikasema mlima si uwanja wa mtaa. Mlimani kitu cha kwanza ni kiatu! Nikaeleza habari za soli, visigino, vifundo vya miguu. Sijui maneno yalikuwa yanatoka wapi. Niliwahi kwenda Prau mara moja, nikaishia kwenye kibanda cha tiketi kwa sababu mvua ilinyesha. Hilo sikulitaja, hakuna aliyeuliza.

Bu Kusrini akanisikiliza kwa makini, kisha akatoa hukumu. Bendera atakabidhiwa kule kule juu yule ambaye miguu yake itakuwa mizima. Bendera ya taifa, akasema, haibebwi na anayechechemea. Na mshauri wa viatu wa msafara ni Bu Wigati. Mimi! Aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote ni Lestiyah.

Jumanne, 6 Agosti

Duka la vifaa vya milimani. Ningeweza kuhamia pale. Harufu ya mpira mpya, na kila kiatu rafuni ni mlima wake. Vile vifupi vyepesi: njia kavu, vumbi la mashamba ya viazi, asubuhi yenye jua. Vile virefu vinavyokumbatia kifundo: mawe na mzigo mgongoni. Vile vyenye meno makubwa kwenye soli: masika, msitu, tope la kuteleza. Nilivishika kimoja kimoja nikafumba macho. Nilipofumbua, watu walikuwa wamenizunguka wakidhani naumwa.

Tantri, binti muuzaji, akafafanua. Mwanamke asinunue kiatu cha kiume kilichopunguzwa saizi tu, kisigino kitacheza. Cha kike ni chembamba nyuma, kipana mbele. Uje kujaribu jioni, mguu ukiwa umeshavimba. Vaa soksi zile zile nene utakazopandia. Sukuma mguu mbele, kidole kimoja kipite nyuma ya kisigino, maana wakati wa kushuka ndipo vidole vinapokiona cha moto. Nilikuwa naitikia kichwa kama mtahini.

Lestiyah hakusikia hata neno. Alikuwa upande wa pili akipapasa makoti ya mvua, anaangalia mishono.

Na hapo ndipo wazo lilipokuja. Lilikuja lenyewe, tulivu, kama paka anapoingia chumbani.

Mimi na Lestiyah mguu wetu ni mmoja, saizi thelathini na nane. Tunavaliana ndala mlangoni tangu watoto wetu wakiwa matumboni. Kwa hiyo: mimi thelathini na tisa, nafasi ya kidole na soksi nene. Yeye thelathini na saba. Nikamwambia kiatu cha mlima lazima kiung'ate mguu, la sivyo kitakuchopoka bondeni. Akavaa. Machozi yakamlengalenga.

"Bu Wigati, mbona vinauma hivi?"

Nikamjibu ni ngozi mpya, vitafunguka vyenyewe.

"Haya Bu, wewe ndiye unayejua."

Kisha akataka rangi kama yangu, damu ya mzee, ili tuonekane mapacha. Tantri alifumbua kinywa kusema kitu. Nikamuuliza bei ya tochi.

Ijumaa, 9 Agosti

Nalainisha viatu. Asubuhi nimevivaa nikikaanga, mchana nikifua. Mume wangu, Pak Jumadi, amelalamika. Tangu azaliwe hajaona mtu akitembea na viatu ndani ya nyumba, anajihisi kama anapekuliwa na askari. Nikamwambia hii ni sayansi. Baada ya chakula nikajinyoosha kitandani kidogo, nikapitiwa na usingizi navyo mguuni. Niliota mawingu yako chini yangu, laini, yananishika visigino. Niliamka shuka lina alama za soli kutoka mwanzo hadi mwisho. Nzuri mno! Zilionekana kama njia.

Nimeshona uzi mweupe ndani ya ulimi wa kila kiatu changu. Wa bahati.

Lestiyah viatu vyake bado viko kwenye boksi. Nilimwambia kiatu kipya kikivaliwa kabla ya siku yake kinapoteza nguvu. Lakini mimi si mtu mbaya. Bu Kusrini ana kifundo kilichowahi kuteguka, nikamchagulia virefu, imara, na kumwambia avizoee mapema. Akaniita hazina ya mtaa.

Jumatano, 14 Agosti

Lestiyah amekuja na tempe, vile vipande vya soya, za kukaanga, za moto, zenye vitunguu vya majani. Na soksi. Amenifumia jozi mbili za sufu kwa mikono yake, kwa sababu kule juu mwezi huu umande unaganda na kuwa mweupe kama chumvi, na mimi, anasema, damu yangu nyepesi.

Moyo ulinichoma kweli. Nilikaa na soksi mapajani muda mrefu, nikitazama ukuta wa kwake. Nikafikiri: nimwambie akabadilishe saizi? Kisha nikala tempe. Moyo ukapoa.

Ijumaa, 16 Agosti

Dieng, chini ya Prau. Baridi ya kukata masikio! Tumefikia nyumba iliyo chini ya njia, kwa bibi mmoja mwenye mashamba ya viazi. Kama kawaida, viatu vyote, jozi kumi na kitu, vimebaki barazani, sisi tumekaa ndani tukiota moto na kunywa chai. Bibi alipoona viatu nje alisikitika. Akasema vikilala pale vitakuwa vigumu kama mawe. Akavikusanya kwenye sarong yake ya kiunoni vyote kwa mpigo, akaenda kuvipanga karibu na jiko. Wema wa watu wa huku!

Naandika hili ndani ya blanketi. Nimejizoeza uso wa kupokelea bendera: macho mbali, midomo imefungwa, kama mtu ambaye hakuitaka. Lestiyah amesema labda nina gesi.

Jumamosi, 17 Agosti

Siku ya Uhuru. Sijui nianze wapi. Miguuni, labda.

Alfajiri nilikuwa wa kwanza mlangoni. Bibi alikuwa ameshapanga viatu, jozi kwa jozi, giza giza bado. Nilikuwa nimevaa soksi zote mbili za Lestiyah na moja yangu, miguu imekufa ganzi kwa baridi. Nikachukua vya damu ya mzee, nikavuta, nikasukuma, vikaingia kwa shida. Nikasema ni soksi. Nikasimama karibu na Bu Kusrini ili anione wa kwanza.

Mashamba ya viazi yalikuwa yamemwagiwa weupe. Uzuri wake! Nilitembea nikielea. Jua likachomoza, ganzi ikaanza kutoka mguuni, na maumivu yakaingia. Nikavua soksi moja. Nikavua ya pili. Nikavua ya tatu, sasa mguu mtupu, na bado vidole vilikuwa vimekunjwa kama ngumi. Nikajiambia ndivyo mlima unavyompima mtu mkubwa.

Nyuma yangu Lestiyah alikuwa anaimba. Anaimba! Anaruka mizizi ya misonobari kama mbuzi. Kila aliyempita alimwambia kwamba viatu kweli vimefunguka vyenyewe usiku, kama alivyoahidiwa, anajiona yuko na ndala nyumbani kwake.

Tukapumzika chini ya miti. Akalegeza kamba zake, akainama, kisha akapiga ukelele.

"Jamani, njooni muone! Bu Wigati kanishonea uzi wa bahati ndani ya kiatu, na wala hajaniambia! Huyu ni mtu au malaika?"

Akanikumbatia. Alikuwa analia kweli, machozi ya moto shingoni kwangu. Juu ya bega lake niliutazama ule uzi mweupe. Uzi wangu. Viatu vyangu. Na chini yangu, vyake.

Ningefanya nini? Niseme? Wangeuliza kwa nini vya Lestiyah ni vidogo namna hii, na nani alimchagulia. Bu Kusrini alikuwa amekaa pale pale, ananitazama kwa macho ya kusahihisha mitihani. Nikasema si kitu, nilifanya kwa upendo. Mara moja tu katika maisha yangu nimesema uongo huku nikitamani uwe kweli.

Kileleni majani yalikuwa ya dhahabu, milima mikubwa imejipanga kwa mbali, mawingu chini yetu laini kama kwenye ndoto yangu. Kila kitu kama nilivyokiota. Bu Kusrini akatuambia tutembee mbele yake mmoja mmoja. Nilitembea kwa uso wangu wa mazoezi. Uso ulifanya vizuri, miguu ikanisaliti. Akatikisa kichwa. Kisha akamkabidhi Lestiyah bendera.

Lestiyah akasema hapandishi peke yake. Akaomba Bu Wigati asimame naye, amshikie kamba. Basi nikashika. Bendera ikapanda. Akina mama wakatokwa na machozi. Na mimi pia, ingawa zaidi ilikuwa kwa ajili ya vidole gumba.

Kushuka sikuweza. Lestiyah akatoa ndala za plastiki mkobani, akanivisha, akanishika mkono mpaka chini.

Jumatatu, 19 Agosti

Miguu ndani ya beseni, maji ya vuguvugu na chumvi. Kucha mbili zimekuwa nyeusi. Nilimweleza Pak Jumadi yote, kwa siri. Akacheka mpaka akashika ukuta, halafu akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Sikuelewa kisima kimetoka wapi, sisi tunatumia maji ya bomba.

Lestiyah kaleta mchuzi wa kuku na habari kutoka kikaoni. Mwakani tunapanda Sindoro! Mrefu zaidi, mawe na mchanga mtupu. Na kwa pendekezo lake mwenyewe, mshauri wa viatu ni mimi, wa kudumu. Alinipuliza kidole kama mtoto, akaenda zake akiimba.

Nikajikokota hadi dirisha la jikoni. Sindoro ulikuwa pale, wa buluu, peke yake, na juu yake mtu mdogo mwenye mtandio ameshika bendera. Nikamtambua mara moja. Nikabaki pale mpaka maji ya beseni yakapoa.

Safari hii nimeona kosa lilipokuwa. Nilimchagulia vidogo! Kwenye mchanga nitamwambia anunue vikubwa, saizi mbili zaidi, mguu uogelee, kisigino kichubuke. Hatashuku.

Mimi sina haja ya kununua. Hii jozi ya thelathini na saba iko chini ya kitanda. Jioni nimeijaribu tena kwa mguu ulio mzima. Bado inabana kidogo. Lakini ni ngozi mpya. Itafunguka yenyewe.