Kompyuta Yangu na Jua la Ijumaa

Jumanne, 5 Agosti

Na bado nasema kompyuta nitaiongezea mwendo! Josiah anatikisa kichwa tangu chai ya asubuhi. Atikise. Hata kikitikisika ni kichwa kizuri, na ni cha mume wangu. Mume! Tangu Julai!

Shida ni video ya harusi yetu. Naitengeneza mwenyewe hapa dukani kwetu Suneka, na mama mkwe amealika akina mama wa kanisa nyumbani kwake Nyamarambe waje kuitazama Jumamosi, jua likishatua. Kompyuta inasema itamaliza kuipika, yaani kuunganisha picha zote ziwe video moja, Jumamosi adhuhuri. Lakini hawa ni Wasabato. Ijumaa jua likizama, kazi zote zinakoma. Nimempigia mama mkwe simu: je, mashine ikifanya kazi peke yake, mimi niko kanisani? Akasema amri inataja hata ng'ombe na punda. Hiyo yangu inakula umeme, basi nayo ipumzike.

Wifi yangu Celestine alikuwa karibu na simu. Nilimsikia akisema video ya harusi yake ilitengenezwa na mafundi wa mjini. Ya mke wetu, yaani mimi, itakuwa tayari mtoto wake wa kwanza akiingia sekondari.

Tutaona!

Jumatano, 6 Agosti

Nimepima faida na hasara kama mtu mzima. Faida: prosesa, moyo wa mashine, ikikimbia kuliko ilivyopangiwa kiwandani, video itaiva Ijumaa mchana, na mdomo wa Celestine utafungika bila kufuli. Hasara: joto. Mashine kuzimika yenyewe. Mashine kuungua. Na harusi yetu yote imo humo tu. Mpiga picha alishafuta kadi zake. Hasara hiyo ya mwisho ilinikaa moyoni muda wote wa kumenya ndizi. Ndizi zikaisha. Faida zimeshinda.

Josiah akasema mwendo wa kiwandani kuna mtu aliyekaa akaufikiria. Nikamwambia mtu huyo hajawahi kukutana na Celestine. Akacheka. Kile kishimo cha shavuni! Nilisahau kompyuta kwa muda.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeingia kwenye mipangilio, nimepandisha mwendo. Inakimbia! Feni inanguruma hadi mteja aliyekuja kutoa kopi akauliza kama siku hizi tunasaga unga wa wimbi.

Joto? Nimelishinda kwa akili. Mjomba Onyiego, mchongaji wa Tabaka, alitupa zawadi ya harusi: bamba nene la jiwe la Kisii, lile laini la kuchongea vinyago, baridi kama maji ya kisima. Nimefungua kompyuta ubavu na kuilaza juu yake. Josiah amegusa jiwe, amevuta kiti chake mbali. Kuvuta huko nimekuhesabu kuwa pongezi.

Ijumaa, 8 Agosti

Jiwe la Kisii hunywa joto. Kisha halitemi!

Asubuhi lilikuwa baridi. Kabla ya saa sita ningeweza kuchoma mahindi juu yake. Mashine ikazimika. Nikasubiri ipoe. Ipoe wapi, imelalia jiko! Nikaiwasha, ikazimika tena. Josiah akanisihi nishushe mwendo, hata kidogo, kwa ajili yake. Kwa ajili yake ningevuka mto Gucha ukiwa umefurika. Lakini kushusha? Nimkabidhi Celestine ushindi mkononi? Nikapandisha.

Harufu. Moshi. Kimya.

Nililia, na si kwa ajili ya mashine. Kiapo chetu, sauti ya Josiah ikikwama katikati ya jina langu, Bonareri, vyote vimekwenda! Jua lilikuwa linazama. Josiah akanikumbatia, akakiri kwamba Jumanne, nilipokwenda sokoni, alinakili picha zote kwenye diski. Akasema alinioa akinijua.

Kuna mwanamume kama huyu duniani? Hakuna! Halafu nikagundua kwamba hakuniamini. Nikamgeuzia mgongo. Kwa muda mfupi.

Jumapili, 10 Agosti

Jana jioni sebule ya mama mkwe ilijaa hadi mlangoni. Celestine akafungua laptopu yake bila hata kunicheka, jambo ambalo liliuma zaidi, tukaonyesha picha kama zilivyopigwa, ndefu, mbichi. Nilitamani ardhi ipasuke. Mara mtu akapiga kelele: huyo ni mimi! Kila mama akajiona akila, akicheza, akifunga kilemba upya. Mama mkwe akajiona amesinzia katikati ya hotuba, mahali ambapo mimi ningekata, akacheka mpaka machozi. Josiah alipokwama kwenye jina langu, wakadai irudiwe. Celestine mwenyewe akaninong'oneza: mke wetu, mafundi wangu walimkata shangazi kwenye video yangu, hadi leo hanisalimii.

Somo liko wazi. Laptopu ya Celestine ni nzito! Ilikwamakwama, akina mama wakaguna. Chombo chenye nguvu zote zile, kimefungwa breki tu. Kinahitaji kuongezewa mwendo kidogo. Josiah amenikanya, kwa sauti tamu ajabu. Nimeshamtumia wifi ujumbe: aweke chai, asifunge mlango, nitafika kwake Kiogoro kabla mwezi huu haujaisha.