Habari za Bi Hamida na Kompyuta Mbili za Dukani kwa Stephano

Naanza kwa Rahamani,
atandazaye angani
ukungu wa Lushotoni
na kuteremsha mvua.

Ama baada ya kumshukuru Mola na kumsalia Mtume wake, sogeeni, enyi watu wa Lushoto na wa Bumbuli, nanyi mlioko Magoma chini ya mlima. Mwenye kikombe akiweke chini na mwenye simu aizime, mpate kusikia namna Bi Hamida binti Abubakari, simba jike wa rula na penseli, mchoraji wa majengo ambaye mstari wake haujapata kupinda, alivyoingia vitani siku ya Alhamisi baada ya sala ya adhuhuri.

Kamati ya madrasa ilikuwa imempa kazi ya kuchora jengo jipya, kisha ikaweka sharti zito: kesho yake, Ijumaa, wazee walione paa kwa pande zote, likizungushwa kiooni mbele ya macho yao, ama sivyo kazi apewe fundi mmoja wa Tanga aliyekwisha kuja mara mbili na tai shingoni. Na kompyuta ya zamani ya Hamida, kila ilipoguswa hilo paa, iliganda kama mafuta ya nazi ya huku kwetu mwezi wa Julai.

Basi Hamida akaifunga kibindoni akiba ya miaka miwili, akateremka mjini kutafuta kompyuta mpakato. Wala hakuteremka peke yake, kwani kwao kitu kikubwa hakinunuliwi bila mjomba. Aliandamana na mjomba wake Masudi, mjuzi wa ng'ombe, ambaye mnada wa Magoma hauchangamki kabla hajafika, ambaye akimpapasa dume mbavu hukuambia alikula nini juzi.

"Shikamoo, mzee," akasema Stephano, mwenye duka.

"Marahaba. Walete tuwaone."

Stephano akaweka mezani kompyuta mbili. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, rangi ya fedha, kimya kama bwana harusi siku ya kwanza ukweni. Ya pili ilikuwa nene, nyeusi, nzito. Nayo ilipowashwa ikaunguruma na kutoa pumzi ya moto ubavuni.

Mjomba Masudi akakunja mikono ya kanzu. Akainua moja, akainua nyingine. Akabonyeza vitufe kimoja kimoja kama akaguaye meno. Akaweka kiganja kwenye ubavu wa ile nyeusi, akafumba macho, akatikisa kichwa, kisha akawahutubia wote waliokuwamo dukani, nao walikuwa watatu.

"Shuhudieni, enyi mliohudhuria. Mimi nimekagua ng'ombe tangu huyu Stephano hajajua kuvaa suruali. Mnyama aliyesimama tu, hajavuta wala hajabeba, naye anahema na mwili unachemka, huyo ni mgonjwa. Ndigana hiyo. Hamida, chukua huyu mwembamba. Ametulia, na ana haya."

Hapo moyo wa Hamida ukaingia vitani kabla ya mikono. Alijua kwamba ile nyembamba haikuwa na kadi ya michoro ya kwake. Kila ilipotaka kuchora iliazima kumbukumbu ya kompyuta nzima, kama mke apikaye kila siku kwa sufuria ya jirani, na siku jirani naye akipika, watu hulala njaa. Ile nyeusi ilikuwa na kadi yake yenyewe, yenye kumbukumbu yake ya giga nne, na feni ya kuipoza. Lakini mpwa hambishii mjomba mbele za watu. Na ukutani paliandikwa kwa wino mwekundu kwamba mali ikishauzwa hairudishwi.

Akainamisha kichwa, akanena kwa sauti ya chini.

"Mjomba, nimesikia. Nina swali moja la kujifunza. Pale mnadani, dume ukishampenda kwa macho, unamlipia palepale?"

"Nani kakudanganya? Nampandisha kilima kwanza."

"Basi niruhusu na hawa niwapandishe kilima."

"Kilima gani tena, dada," akasema Stephano, "na hawa hawajalipiwa?"

Hamida akachomoa flashi mkobani. Ndani yake lilikuwamo jengo zima la madrasa, kenchi arobaini za kubeba paa na kila bati na msumari wake. Programu ya kuchorea, Stephano alikwisha kuiweka kwenye kompyuta zote mbili tangu Jumatatu, kwa ombi la Hamida.

Ikatangulia nyembamba. Paa likainuka robo, pembe moja hewani, kisha likasimama. Mabati yakatawanyika kama baada ya kimbunga, na kiduara kidogo kikaanza kuzunguka katikati ya kioo. Kikazunguka. Mjomba Masudi akamaliza Kul-huwallahu mara tatu, na kiduara kingali kikizunguka.

"Mbona amelala?"

"Hajalala, mjomba. Anaazima."

Ikafuata nyeusi. Ikanguruma, ikapuliza, hata Mjomba akavuta pindo la kanzu yake; na paa likainuka, likageuka likionyesha mgongo, ubavu na mifereji ya maji, likarudi lilipoanzia bila kudondosha msumari.

Mjomba akakirudisha kiganja ubavuni.

"Stephano, hii si ndigana."

"Si ndigana, mzee. Ni feni."

"Nimeshasema si ndigana. Huyu anahema kwa kuwa anabeba. Nilijua toka mwanzo. Nilitaka kumpima huyu binti kama ana jicho."

"Nashukuru kwa kunifunza, mjomba," akasema Hamida, wala hakutabasamu. Na katika mapigano yote ya siku ile, hilo ndilo lililotaka ushujaa mkubwa zaidi.

Ijumaa baada ya sala, wazee wakaketi mkekani, kompyuta nyeusi ikawekwa juu ya benchi, na paa likazungushwa. Mzee Kibwana, mwenyekiti wa kamati, ukingo wa bati ulipomjia usoni akainamisha kichwa usimpige. Likazungushwa mara ya pili, na ya tatu.

"Kazi ni yako, mwanangu," akasema Mzee Kibwana. "Lakini hebu zungusha tena kidogo."

Basi waandike waandishi wa tarikhi, na wasome watakaokuja nyuma yetu: Ijumaa ile ya mwezi wa Rajabu, kwa mkono wa Hamida binti Abubakari, paa la madrasa lilizunguka mara kumi na moja kabla ya kujengwa, na halikuganda.