Kufuli kwenye Kibanda cha Viazi

Jumanne, 21 Aprili
Bahari chafu. Mtungi wa gesi, kengele yetu ya kuitana baharini, haukugongwa asubuhi, kwa hiyo hakuna kwenda kuvua kambakoche. Nimepata nafasi ya kufikiri.

Siku ya Panya, tunapowinda panya kwa vikosi na kupima mikia, inakuja mwezi ujao. Shemeji Clement amechukua kombe la mkia mrefu miaka mitatu mfululizo. Kisiwa kizima kinawinda, halafu panya wakubwa wote wamwendee yeye? Mtu huyo anafuga. Ushahidi sina, ila akili ninayo. Nimemwambia mke wangu, Maudie. Akasema kaka yake hafugi kitu, ana mbwa mzuri tu. Alisema bila kuinua macho kwenye soksi anayoifuma. Soksi ya nani? Ya Clement. Haya.

Wala si kombe tu. Uchaguzi wa Baraza la Kisiwa ni Juni, na watu wetu humchagua yule waliyempigia makofi mara ya mwisho. Clement anakitaka kiti. Mimi ninakistahili. Safari iliyopita nilipata kura mbili, na Maudie anaapa hakuna yake.

Ijumaa, 24 Aprili
Dawa ya moto ni moto. Nimetega sanduku kule Mashambani, tunakolima viazi, nyuma ya kibanda changu, na nimempata! Panya wa haja, mkia kama kamba ya kiatu. Nimemweka kibandani. Nampa vichwa vya kambakoche na jibini iliyokuja na meli. Nadharia yangu: mwili ukinenepa, mkia nao hurefuka. Na tumbo lake limeshaanza kukua. Chakula kinafanya kazi.

Amri ya Baraza ni kwamba panya akionekana auawe papo hapo, maana wanamaliza viazi na mayai ya ndege. Kwa hiyo siri. Nimefunga kibanda kwa kufuli niliyoiokota kwenye mabaki ya meli. Sasa na aje mtu.

Jumapili, 26 Aprili
Wamekuja. Wote.

Sikufikiri. Hapa kwetu tangu enzi za mababu hakuna aliyewahi kufunga mlango kwa kufuli. Baada ya ibada watu walikwenda Mashambani kuitazama kufuli kama wanaokwenda kumtazama nyangumi aliyekwama. Bibi mmoja aliishika akauliza kama inauma. Mkuu wa Kisiwa akataka kujua kama nimegombana na mtu. Nikasema ni mambo ya ufundi.

Clement alinivuta pembeni. Akasema, shemeji, kama kuna tatizo nyumbani uniambie, sisi ni ndugu. Sauti ya upole kabisa. Mwizi gani huja na sauti kali? Nimemwambia hakuna tatizo, na asisogee pale.

Jumatano, 29 Aprili
Sanduku tupu! Kona moja imetafunwa. Kwanza nilimshuku Clement, lakini kufuli ilikuwa nzima. Kumbe panya yumo humo humo kibandani, namsikia nyuma ya magunia. Nimetulia. Tena nimefurahi. Nafasi kubwa, mazoezi, mkia utajinyoosha wenyewe.

Maudie ameuliza kama magunia ya mbegu za viazi yako salama. Nikamwambia hakuna viazi vilivyo salama kama vile kisiwa kizima, viko chini ya kufuli. Akasema Agosti tukikosa cha kupanda, mwakani watoto watakula soksi. Mwanamke anapenda kutia chumvi.

Ijumaa, 15 Mei
Nina aibu, lakini nitaandika.

Leo ilikuwa Siku ya Panya. Vikosi vilitoka asubuhi na mbwa na fimbo, wakibomoa kuta za mawe kutafuta panya na kuzijenga upya. Mpango wangu ulikuwa kungoja jioni, nifungue, nimtoe panya wangu kishujaa. Lakini Duchess, mbwa wa Clement, alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda changu akaketi mlangoni. Aliitwa, hakutoka. Akapewa nyama, hakutoka. Nikasema mbwa huyo amefundishwa kunichimba. Watu wakacheka. Maudie hakucheka. Aliokota jiwe akaipiga kufuli mara moja tu.

Duchess aliingia akatoka na panya wangu mdomoni. Mkuu wa Kisiwa akapima. Mkia mrefu kuliko wowote anaoukumbuka. Makofi. Makofi kwa Clement! Nilisema panya ni wangu, nimemlisha mwenyewe. Halafu mtu wa nyuma akauliza kama nimesema nimemlisha.

Ndipo Maudie akatoka na gunia. Lilikuwa maganda matupu. La pili hivyo hivyo. Panya wangu alikuwa mama, na wanawe walikuwa wamekula mbegu zetu zote. Maudie alikaa kizingitini, akajifunika uso kwa mikono. Sijawahi kumwona hivyo. Roho iliniuma sana.

Jumamosi, 16 Mei
Clement amekuja na trekta. Ametuletea magunia mawili ya mbegu, nusu ya akiba yake. Akasema kiti cha Baraza hakina maana dada yake akiwa hana cha kupanda. Maudie akalia akamkumbatia. Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ya chini, kwamba hizi ndizo za mwisho, nikizichezea atarudi kwa mama yake. Nikaapa. Niliapa kwa moyo wangu wote.

Jumatatu, 18 Mei
Sikulala vizuri. Nusu ya akiba? Bure? Mtu anayekitaka kiti? Hakuna mtu mwema hivyo. Lazima amezitia kitu.

Bahati nzuri, katika fujo ile ya Ijumaa niliokoa mtoto mmoja wa panya nikamtia mfukoni. Leo nimempa kiazi kimoja cha Clement ili nione. Amekimaliza. Hajafa. Hiyo haithibitishi lolote, ziko sumu za polepole. Nikampa cha pili, na cha tatu. Mtu mwangalifu hapimi mara moja.

Gunia la kwanza nimeshalifungua, na kila siku nitapima tena. Hadi Agosti nitakuwa na uhakika. Maudie asijue, atafurahi mwenyewe nikimwonyesha kwamba zilikuwa salama. Mkia nao unakwenda vizuri.