Nimepiga Magoti kwa Wakwe, Mguu Ukagoma

Leo nimedhalilika, tena mbele ya wakwe. Bora mnisikie mimi kabla mtu wa Kamachumu hajawasimulia kwa kuongeza chumvi.

Asubuhi nyumbani Miembeni niliteleza kwenye maji ya sabuni uani. Nikatua kwa kalio, puu! (Kalio lenyewe halina nyama ya kusaidia.) Mguu wa kulia ukaanza kufa ganzi na kuchomachoma, kuanzia kiunoni hadi kidole gumba. Ningeahirishaje safari? Mchumba wangu Deo alikuwa ananipeleka kwao Kamachumu kwa mara ya kwanza, na baba yake alishatamka kwamba binti wa mjini asiye na adabu hamtaki.

Tukafika. Nikapiga magoti kumsalimu mzee, macho chini. Akaitikia vizuri.

"Inuka, mwanangu."

Jamani, mguu haupo! Naufinya, sisikii kitu. Nikatabasamu, nikabaki chini.

"Inuka basi, waitu, mtoto wetu."

Nikainamisha kichwa zaidi. (Mlitaka nifanye nini?) Mzee akalengwalengwa na machozi. "Mama Deo! Njoo uone mtoto aliyelelewa! Namwinua, anakataa!"

Mama akaja. Shangazi akaja. Majirani wawili wakaitwa kutoka shambani, mikono ina udongo. Wote nikawasalimu palepale chini. Shangazi akamgeukia Deo: "Usipomwoa huyu, tutakuoza kwa nguvu!" Sifa zikaninogea, nikasahau kabisa kwamba ni mgonjwa.

Chakula kikaiva. Mzee akaninyooshea mkono aniinue mwenyewe. Nikajaribu. Mguu ukakunjika, nikadaka kanzu yake, tukaenda chini wote wawili. Mimi juu ya baba mkwe!

Hata kuku waliacha kudonoa.

"Nisamehe, tata, baba yangu," nikalia, kulia kwa kweli. "Haikuwa adabu. Ni ganzi. Nilianguka asubuhi."

Mzee akanitazama kutoka sakafuni. "Yaani hata magoti ya kwanza?"

"Ya kwanza yalikuwa adabu. Kilichofuata ni mguu."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akatupeleka zahanati yeye mwenyewe. Daktari kasema mshipa wa fahamu umebanwa, nipumzike, na nirudi haraka ganzi ikizidi.

Uchumba umepita. Ila mzee ametangaza kwamba siku ya harusi nitausalimu ukoo mzima nikiwa nimekaa kwenye kiti, na sababu ataieleza yeye kwa kipaza sauti. Atakayecheka hapa, kadi ya mwaliko asiisubiri.