Nusu ya Sentensi Yangu Iliyopotea Sebuleni

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,

KUHUSU: MALALAMIKO JUU YA WAIFAI YA NYUMBANI KWANGU, NA OMBI LA BARUA YENYE MUHURI

Kichwa cha barua kimeshakutajia shida yangu. Hakijakutajia uchungu wake, ndiyo maana nimeongeza kurasa.

Mimi ni mteja wenu wa mwaka wa pili na mtangazaji wa redio mstaafu. Kwa miaka thelathini na moja nilisoma taarifa ya habari ya mchana. Nakueleza haya si kwa kujisifu, au tuseme si kwa kujisifu sana, bali ujue kwamba anayekuandikia ameishi na mawimbi. Ni kweli kazi yangu ilikuwa kuongea tu. Mawimbi yenyewe yalishughulikiwa na mafundi wa chumba cha pili, ambamo nilipigwa marufuku kuingia tangu siku niliyotua kikombe cha chai juu ya mtambo. Hata hivyo tulitenganishwa na kioo tu, na mengi niliyaona.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Fundi wenu alinitii. Siku ya kufungiwa huduma alikuja mama mmoja mwenye ngazi begani na penseli sikioni. Alizunguka nyumba nzima akigonga kuta kwa kifundo cha kidole, kama daktari anayesikiliza kifua, kisha akasimama katikati ya korido. "Hapa, mzee wangu," akasema. "Katikati ya nyumba, juu kidogo, pasipozibwa na kitu. Kila chumba kitapata."

Mahali alipopaonyesha pametundikwa picha yangu nikiwa mbele ya maikrofoni. Nilimwambia picha haitoki. Nikampeleka ofisini kwangu, chumba cha mwisho kabisa, nikamwonyesha kabati la chuma lenye kufuli. Nilitaka ruta ikae humo, isiguswe na vumbi wala binadamu.

Aliliangalia kabati, akaniangalia mimi. "Mzee, mawimbi na chuma haviivani. Ukiifungia humu ni sawa na kualika wageni ukawafungia stoo."

Nikamjibu, "Mama, mimi nilikuwa hewani kabla wewe hujajua kutembea."

Basi akatoboa tundu la waya, akaifunga ruta kabatini, akakusanya vifaa vyake na kuniaga kwa adabu zote. Ndugu Meneja, mnawafundisha nini hawa watu? Inakuwaje fundi anayejua ukweli amwachie uamuzi mtu asiyejua kitu, eti kwa sababu tu nyumba ni yake?

2. Mke wangu ni fundi cherehani. Anashonea chumba cha nyuma, na wateja wake humtumia vipimo na mitindo kwa simu. Tangu ruta iingie kabatini, mitindo hufika vipande. Kuna mwalimu mmoja aliyetuma picha ya gauni, picha ikafunguka kuanzia juu na kukwama mabegani. Mke wangu akaikisia mikono. Mwalimu alipokuja kulichukua gauni lake alikuta mikono mifupi yenye marinda, ya mtoto wa miaka sita.

Siku hizi mke wangu akitaka kupokea ujumbe hupanda kigoda mbele ya mlango wa ofisi yangu na kuinua simu juu, kama mtu anayebadilisha taa. Akiwa huko juu aliniambia, "Baba, hilo kabati si ulifungue tu?" Nilimwambia tatizo ni mawingu. Nilishikilia maelezo hayo kwa siku tisa mfululizo, na katika siku hizo tisa halikuonekana wingu hata moja.

3. Baadaye nilisoma mahali kwamba karatasi ya kung'aa ya kufunikia chakula huyageuza mawimbi yaende unakotaka. Kwa kuwa mimi si mbishi, nikakubali kuuacha mlango wa kabati wazi kwa upana wa kiganja. Nikaitandika karatasi hiyo nyuma ya ruta, nikaegesha na kifuniko cha sufuria kubwa kwa uhakika zaidi. Jikoni kulikuwa na mistari miwili ya mtandao. Nilipomaliza kazi yangu ya kitaalamu hapakuwa na hata mmoja.

Dakika kumi hazijapita, jirani yetu, mwalimu wa udereva ambaye mtaa mzima humwita Breki, akaniita juu ya ukuta: "Jirani, leo umefanya nini? Mtandao umenyooka! Natazama mpira mpaka jasho la kipa naliona!" Kumbe kabati linatazama dirishani, na dirisha linatazama kwa Breki. Nilikuwa nimemtengenezea yeye. Nikakiondoa kifuniko, nikalifunga na kabati.

4. Utajiuliza Breki alipata wapi nywila yangu. Aliipata kwangu, sawa na wengine wote. Mgeni wetu mmoja aliniomba nimtajie, nami sijui kusoma kitu chochote isipokuwa kwa namna niliyozoea. Nilikaa wima, nikasafisha koo, nikaisoma herufi baada ya herufi, nikamalizia: "Kwa wale waliojiunga nasi sasa hivi, narudia." Madirisha yalikuwa wazi. Nilipokuja kuhesabu vifaa vilivyounganishwa na ruta yangu vilikuwa kumi na tisa, kimojawapo kikiitwa Kinyozi wa Kona. Kwa maneno mengine, sauti yangu inapita kuta tano bila waya, lakini mtandao wenu unashindwa na mlango wa kabati. Hapo mwenye haki ya kulalamika ni nani?

5. Nilipiga simu kwenu. Dada mmoja mpole akaniambia, "Zima, subiri kidogo, kisha washa." Hakusema nizime nini. Nilizima swichi kuu ya nyumba. Mke wangu alikuwa katikati ya kushona zipu. Naomba niishie hapo.

6. Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu.

Binti yetu ni muuguzi, anafanya kazi mbali. Amepata mchumba, mwokaji mikate, na Jumapili iliyopita saa nne asubuhi wazazi wa pande zote mbili tulikuwa tuonane kwa mara ya kwanza kwenye kompyuta. Baba wa kijana ni mpima ardhi, mama yake ni mwalimu mkuu. Binti yangu alinisihi siku mbili kabla: "Baba, nakuomba, siku hiyo tu, ruta itoke kabatini." Sikuitoa, lakini niliufungua mlango wa kabati wote, nikauzuia na kiti. Niliona huo ni ungwana wa kutosha. Hata mke wangu alikiri kwamba jikoni mistari imejaa.

Vijana wenyewe walikaa upande wa wakwe, na salamu zilikwenda vizuri. Mpima ardhi alicheka, mwalimu mkuu akausifu ushonaji wa mke wangu. Kisha mteja akabisha hodi, mke wangu akainuka. "Anza tu, nakuja," akaniambia. Nikatoa hotuba yangu, kurasa nne, nikaanza. Sentensi ya kwanza, ambayo niliifanyia mazoezi wiki nzima, ilikuwa hii: "Mimi sitaki ndoa hii ichukuliwe kama jambo dogo, kwa maana naipokea kwa mikono miwili, na mwokaji wenu kuanzia leo ni mwanangu."

Nilisoma kwa moyo wote. Nikiwa ukurasa wa tatu mke wangu akarudi, akasimama nyuma yangu.

"Unaongea na nani?"

"Na wakwe."

"Wakwe gani? Hiki kioo si cheusi?"

Niliinua macho. Kilikuwa cheusi kweli.

Jioni binti yetu alimpigia mama yake, analia. "Baba amesema 'Mimi sitaki ndoa hii', halafu akaganda," akasema. "Ameganda hivyohivyo, kidole juu, mama mkwe akimwangalia."

Umeona, Ndugu Meneja? Mtandao wenu ulinikata baada ya neno la nne. Katika sentensi nzima ya mapenzi mlichagua kusafirisha maneno manne ya mwanzo, mengine mkayamwaga njiani, kisha mkanining'iniza mbele ya wakwe kama picha ya mtu anayetafutwa na polisi.

7. Nimempigia binti yangu mara nyingi tangu siku hiyo. Hapokei. Leo ni siku ya tano. Nimemwambia mama yake amweleze kwamba ni mtandao. Mama yake akamweleza, na akarudi na jibu ambalo sikulitaka: "Anasema angeamini ni mtandao, kama usingemuuliza ulichomuuliza mwaka jana."

Sikutaka jambo hili liingie katika barua ya malalamiko, lakini ukamilifu ni ukamilifu. Mwaka jana, aliponitajia kazi ya mchumba wake, nilisema, "Mwokaji mikate? Basi?" Maneno matatu. Siku hiyo mtandao ulikuwa safi, na yalimfikia yote.

Tangu hapo nimekutana na huyo kijana mara mbili. Mara ya pili alinishika mkono kuvuka barabara na akajifanya ananionyesha duka la viatu ng'ambo, ili nisione kwamba ananisaidia. Mtu wa namna hiyo ndiye niliyemwandikia kurasa nne. Sikumwambia. Nilikuwa nasubiri nizisome vizuri.

Kwa sababu hizo, naomba kampuni yenu ifanye yafuatayo:

(a) Iwaandikie wakwe zetu barua rasmi yenye muhuri na sahihi ya mtu mkubwa, ikithibitisha kwamba nusu ya sentensi yangu ilipotea ndani ya mawimbi yenu. Nusu hiyo iambatanishwe. Nimeinakili nyuma ya karatasi hii kwa herufi kubwa.

(b) Imrudishe yule mama mwenye ngazi, akiwa na idhini ya maandishi ya kunipinga. Nikimwambia habari za kuwa hewani, aniondoe korido pamoja na picha.

(c) Katika ramani yenu ya vizuizi vya mawimbi, baada ya ukuta mnene, chuma na umbali, niorodheshwe na mimi. Nimejichunguza, nafikiri nastahili.

Wasalimie wafanyakazi wote wa ofisi yako, yule dada mpole wa simu, na walinzi wa getini. Mke wangu anakusalimu akiwa juu ya kigoda. Breki naye anakushukuru kwa huduma nzuri.

Wako mwenye kuheshimu kazi zenu kuliko barua hii inavyoonyesha,

Mtangazaji Mstaafu,
Mteja wa nyumba yenye geti la kijani

Nyongeza: Nilikuwa nimeshailamba bahasha wakati binti yangu alipopiga simu. Akanipigia mimi, si mama yake. Alikuwa anacheka mpaka anashindwa kupumua.

Mchumba wake alikuwa amerekodi mazungumzo yote ya Jumapili ili akamwonyeshe bibi yake, na jana ndipo walipopata ujasiri wa kuyatazama. "Baba," akaniambia, "mtandao haukukatika. Picha haikuganda. Uliganda wewe."

Amenitumia rekodi. Nimeitazama mara tatu. Nasema "Mimi sitaki ndoa hii", nainua kidole, nafumba macho, na nanyamaza. Ndugu Meneja, mkuu wangu wa kwanza redioni alinifundisha kwamba maneno mazito yaachiwe nafasi, mtu anyamaze na kuhesabu hadi saba moyoni. Nimefanya hivyo maisha yangu yote, na hakuna aliyewahi kuniambia jinsi ninavyoonekana. Nasikitika kusema kwamba naonekana mgonjwa. Nilipofika kama nne hivi mwalimu mkuu aliguna, na mpima ardhi akasema kwa upole, "Tumekuelewa, mzee. Ahsante kwa ukweli wako," akazima. Sikumsikia kwa sababu nilikuwa nimeishusha sauti ya kompyuta nisisikie mwangwi wangu. Nilipofika saba nikafumbua macho, nikayapeleka moja kwa moja kwenye karatasi, nikaendelea.

Mtandao wenu ulikuwa shwari tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo futa ombi (a). Mke wangu ameniambia nisiichane barua, niitume hivi ilivyo, maana kwa maoni yake huu ndio mwaka wa kwanza nimeeleza kosa langu kwa mpangilio.

Binti yangu nilimsomea ile sentensi kwenye simu, bila kituo hata kimoja, mpaka pumzi ikanikata. Akaniomba niirudie, safari hii polepole. Jumapili hii tunaonana na wakwe tena. Hotuba itasomwa na mama yake. Mimi nimepewa neno moja la kufungulia, "Karibuni," na nimeambiwa macho yawe wazi.