Shida za Kununua

Mchekeshaji mmoja, jina lake la jukwaani Machozi, aligundua utajiri wake jioni aliyoshindwa kuchekesha. Alikuwa amesimulia habari za paka wa jirani mpaka paka mwenyewe angeomba aachwe, na ukumbi mzima ulikuwa unachezea simu. Ghafla maikrofoni ikazimika. Akaigonga mara mbili, akanung'unika, "Hata baba yangu aliniacha hivihivi, bila kuaga."

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Mama mmoja wa mbele alijifuta macho kwa leso, akasema, "Maskini, kumbe ameteseka!" Machozi akamtazama yule mama kama mvuvi anavyotazama chambo kikivutwa.

Sasa ukweli usemwe, maana hata msimulizi ana Mungu wake. Baba yake Machozi hakumwacha mtu. Alikuwa daktari wa meno, mtu wa kurudi nyumbani kabla chakula hakijapoa. Mama alikuwa mwalimu mkuu. Shida kubwa iliyowahi kumpata Machozi ni kuibiwa baiskeli, na kesho yake akanunuliwa nyingine yenye kengele. Kwa mtaji huo huwezi kumliza hata mtoto mchanga. Alihitaji shida, tena haraka, kwa kuwa mwenye ukumbi alikuwa akitafuta mchekeshaji mmoja wa kila Jumamosi, na alisema wazi anamtaka mtu aliyeteseka.

"Kucheka watu wanacheka bure nyumbani kwao," alikuwa akisema huyo Bosi. "Kwangu waje kucheka huku wanalia. Hapo ndipo pesa ilipo."

Machozi aliulizia mjini, akaelekezwa kwenye kibanda cha chai nyuma ya mafundi viatu. Hapo ndipo alipokuwa akishinda bwana mmoja waliyemwita Mkosi. Kazi yake ilikuwa kuuza shida. Mwenye kutaka mkopo, mwenye kuomba mtoto asamehewe ada, mume aliyechelewa kurudi nyumbani, wote walikwenda kwa Mkosi, wakatoka na msiba unaowatosha.

"Nataka shida," alisema Machozi.

"Ya leo au ya kudumu?"

"Ya utotoni. Iwe ya kuchekesha."

"Ah, za kuchekesha ni ghali. Za kuliza tu ningekupa kwa kikombe cha chai." Mkosi akapuliza chai yake. "Nina mama wa kambo hapa, bado mkali."

"Mama wa kambo kila mtu anaye. Sikiliza, ndugu yangu. Ukisema jukwaani ulikuwa maskini, watu wanapiga miayo. Ukiwaambia kiraka cha kiatu chako kilikatwa kwenye tairi la nini, wanakushika mkono. Nataka vile vitu vidogovidogo."

Mkosi aliweka kikombe chini. Kisha akaanza kusimulia kwa sauti ya chini, bila mbwembwe. Kulikuwa na ndugu wawili wenye jozi moja ya viatu. Kaka alivivaa kwenda shule asubuhi, mdogo akavivaa mchana, nao walikuwa wakipokezana penye bomba la maji. Kiraka kilikuwa cha tairi la toroli. Na kila siku yule kaka, kwa utani wake, aliacha kokoto ndani ya kiatu cha kushoto.

"Aisee!" alisema Machozi. "Unaijua kazi. Mpaka machozi yamekulenga! Na mama alimwitaje huyo mdogo?"

"Kidonge," alijibu Mkosi, akitazama pembeni. "Kwa sababu alikuwa mdogo, halafu mchungu."

Bei ilikuwa viatu. Mkosi hakutaka hela, alisema hela angezinywa. Alitaka vile viatu vya ngozi ya kahawia alivyovaa Machozi, zawadi ya daktari wa meno. "Na sharti langu ni moja," alisema huku akifunga kamba. "Kikishauzwa hakirudi. Usije kesho ukaniambia shida imekubana." Machozi alirudi kwake kwa malapa ya kuazima, akijiona mshindi.

Siku ya majaribio, Bosi alikaa peke yake katikati ya ukumbi, mikono kifuani. Wachekeshaji watatu walipita, hakutingisha hata shavu. Akapanda Machozi, akasimulia habari za viatu, kiraka na bomba. Alipofika kwenye kokoto akasema, "Nikamuuliza, kaka, mbona unaniwekea jiwe? Akanijibu, nataka ujue mapema kwamba dunia ni ngumu."

Bosi akasimama, kiti kikaanguka.

"Kokoto! Kiatu gani?"

"Cha kushoto."

"Mama alikuitaje?"

"Kidonge. Nilikuwa mdogo, halafu mchungu."

Lile jitu zima likapanda jukwaani likilia, likamkumbatia Machozi mpaka mbavu zikasalimiana. "Mdogo wangu! Mdogo wangu wa damu!"

Hapo mtu mwaminifu angesema, samahani mzee, haya nimeyanunua. Lakini mtu mwaminifu asingekuwa pale. Machozi alipiga hesabu yake upesi: kaka mwenye ukumbi, Jumamosi zote, picha yake ukutani. Akafumba macho, akasema, "Kaka! Nimekutafuta mpaka nimechakaa!"

Ndani ya gari Bosi alimweleza mambo ambayo kibandani hayakuwa sehemu ya biashara. Yeye alichukuliwa na mjomba akiwa bado mtoto, akalelewa mji mwingine. Mdogo wake alibaki na mama, akakua, akaoa, akazaa. Halafu asubuhi moja akatoka kununua kiberiti, na mpaka leo jiko halijawashwa.

"Akazaa?" aliuliza Machozi.

"Watoto wako wanne hawajambo, ingawa uliwaacha wadogo, hawaikumbuki sura yako. Wote niko nao mimi, pamoja na shemeji na mama. Ila mama macho yamekwisha, ana mtoto wa jicho pande zote mbili. Daktari anasema upasuaji ni mdogo tu, lakini kakataa. Anasema hafungui macho kwenye dunia asiyokuwamo Kidonge." Bosi akapenga kamasi. "Mungu mkubwa. Umekuja wakati wake."

Machozi akajaribu mlango wa gari. Ulikuwa umefungwa kwa kufuli la usalama wa watoto.

Bibi alikuwa ameketi kwenye kochi, mkono umetangulia hewani. "Kidonge?"

"Naam, mama."

Ule mkono ukamshika kidole, wala haukukiachia. Bibi hakulia wala hakuuliza alikokuwa. Alisema tu, "Mikono yako baridi, hujala." Machozi alijikuta akimsogelea, kwa hisia ambayo hakuinunua popote, akaichukia.

Ndipo akaingia mke wa huyo Kidonge, mwiko mkononi. Huyo ndiye mtu pekee mwenye macho mazima aliyemjua mwenye jina akiwa mtu mzima. Alimtazama Machozi toka kichwani mpaka miguuni, kama anayenunua friji la mtumba.

"Ndiye," akasema. "Kapungua ujinga kidogo, lakini ndiye."

Baadaye alimsubiri koridoni, karibu na mlango wa jikoni. "Wewe si mume wangu."

"Najua, dada. Nilikuwa nataka kueleza…"

"Usieleze. Mume wangu alikuwa hajui sahani inaoshewa wapi. Wewe utajua leo. Mama kesho atakubali upasuaji kwa ajili yako. Ukifungua mdomo naye akafumba macho yake moja kwa moja, mwiko huu utauona."

"Na nikinyamaza?"

"Utalala chumba cha watoto, kitanda cha juu. Kuna mmoja anakojoa, lakini huyo yuko chini."

Machozi alikwenda uani, akampigia simu baba yake. "Baba, nimeingia kwenye matatizo. Njoo uwaambie watu hawa mimi ni mtoto wako."

"Mtoto yupi?" aliuliza daktari wa meno, taratibu kama anayechunguza jino. "Wagonjwa wangu wameniambia umesimama hadharani ukasema nilikuacha. Mimi ni mtu wa kutimiza ahadi, mwanangu." Akakata.

Basi akakaa. Alijiambia ni mpaka upasuaji tu. Wakati huo Jumamosi zake zilianza, na watu walijaa mpaka milangoni. Mchana aliosha sahani, akafundisha hesabu asizozijua, akatafuta soksi zilizopotea kwa makusudi. Alipojaribu kutoroka, mlinzi wa geti alimzuia kwa heshima zote: "Mdogo wa bosi, bibi amesema usitoke bila sweta." Hospitali alikaa kwenye benchi la mbao, kidole kimoja kimeshikwa, kwa kuwa bibi hakutaka kulala bila kidole.

Siku ya kufunguliwa bandeji, wote watatu walisimama kando ya kitanda. Bibi alipepesa macho. Alimtazama Bosi, akamtazama mkwe, kisha akamtazama Machozi kwa muda mrefu sana. Jasho lilimtoka Machozi mpaka kwenye magoti.

"Huyu," alisema bibi, "mbona hakuchana nywele?"

Bosi akaangua kilio cha furaha. Bibi akamvuta Machozi karibu, akamnong'oneza sikioni, "Wewe si mwanangu. Mwanangu asingeweza kukaa kwenye benchi siku zote hizi."

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini? Nenda kaniletee chai, Kidonge. Sukari mbili."

Kazi ilikuwa imekwisha, geti lingeweza kurukwa. Machozi akaamua: Jumamosi moja ya mwisho, halafu nduki. Siku hiyo bibi alikuja ukumbini kwa mara ya kwanza, akaketishwa mbele na mkwe wake na Bosi, amevaa miwani mipya inayomcheza puani. Machozi alikuwa amefika kwenye habari za kiraka cha tairi aliposikia mtu akiita kutoka nyuma.

"Mwongo huyo! Kidonge ni mimi!"

Taa ikageuzwa. Alikuwa Mkosi, ndani ya viatu vya kahawia. Alikuwa ameona picha ya Bosi kwenye tangazo, akamjua kaka yake, akaelewa kwamba ameuza kaka tajiri kwa jozi moja ya ngozi.

"Kaka! Kokoto uliniwekea mimi! Huyu nilimuuzia!"

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Watu walidhani ni sehemu ya mchezo, wakampigia makofi. Bosi alijifuta macho. "Lo! Huyu naye ana kipaji. Shemeji, unamjua?"

Mke akageuka. Akamtazama yule mwenda kununua kiberiti bila haraka yoyote. "Simjui," akasema. "Ila viatu nimevipenda."

Mkosi akamgeukia bibi. "Mama. Mama, niangalie."

Bibi akasukuma miwani juu. Alimtazama usoni, akashuka mpaka viatuni. "Mwenye mama," akasema polepole, "anakuja kumwona nyumbani. Haji kumdai ukumbini."

Watu wakacheka tena. Mkosi akabaki na mtu mmoja tu wa kumtazama, naye alikuwa jukwaani. "Mwenzangu," alisema, sauti imemwishia. "Wewe sema ukweli. Si ulikuwa unataka kutoka? Nirudishie."

Na kweli, mlango ulikuwa huo, wazi kabisa. Neno moja tu, na Machozi angerudi kwa daktari wa meno, kwenye kitanda kikavu. Akafungua mdomo. Akamwona bibi amekunja kidole kimoja pajani, kama anayeshika kitu.

"Ndugu yangu," alisema kwenye maikrofoni, "kikishauzwa hakirudi."

Makofi kama yale hayajawahi kusikika tena ukumbini pale. Mkosi aliinamia viatu vyake, akavitazama, akatoka taratibu. Bibi peke yake hakupiga makofi. Alisimama, akaufuata ule mlango kwa macho mapya mpaka ukajifunga, kisha akaomba arudishwe nyumbani, mtu akija asikute kumefungwa.

Nyuma ya jukwaa Machozi, aliyekuwa akisimulia pekupeku ili hadithi inoge, alivaa viatu vyake upesi awawahi kwenye gari. Cha kushoto kilimchoma. Akakivua, akakikung'uta, kokoto likaangukia kiganjani. Kutoka mlangoni, lile jitu zima, Bosi, lilikuwa likimchungulia, limejiziba mdomo kama mtoto.

Machozi alilitazama lile kokoto, akalirudisha ndani ya kiatu, akafunga kamba, akaenda nalo nyumbani akichechemea.