Kompyuta ya Dola Mia Saba

Siku konsoli mpya ilipopanda bei kwa mara ya pili ndani ya mwaka mmoja, kina baba wa jumuiya yao ya ughaibuni walishika vichwa na Faraz akatega masikio. Walikuwa wamesimama kwenye maegesho ya magari baada ya sala ya Ijumaa, wakilalamika kwamba ile mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye televisheni sasa inakaribia dola mia tisa ukiweka na kodi, na kwamba hata ukishainunua mtoto bado anakudai ada ya usajili ya kila mwezi. Faraz alisikiliza kwa huzuni kubwa. Alikuwa na kipaji cha kusikiliza kwa huzuni, na watu kadhaa walikuwa wamekwisha kukilipia bila kujua.

Nyumbani kwake katika mji wa Brampton, kwenye chumba cha chini alichopanga na mkewe na binti yao, alikuwa na kompyuta kumi na mbili. Alizipata kwa dola ishirini ishirini kutoka ofisi ya bima iliyofungwa jirani na ghala analofanyia kazi, kule Rexdale. Zilikuwa kompyuta za makarani, zimezeeka katika kujumlisha ajali za watu, na hata ukizitaka zicheze karata zilikuwa zinafikiri kwanza. Faraz alizitoa matumbo yake akayapanga ndani ya maboksi mapya yenye ubavu wa kioo na feni zinazowaka zambarau, kijani na nyekundu. Alipoiwasha ya kwanza, mwenyewe alitamani kuinunua.

Kilichobaki kilikuwa maneno, na maneno Faraz hajawahi kupungukiwa. Aliwaeleza wazazi kwamba konsoli haifanyi kazi za shule. Gemu moja ya konsoli ni dola mia kasoro kidogo, lakini za kompyuta hupunguzwa bei kila msimu mpaka unaona haya kutonunua. Konsoli ikichoka unaitupa, kompyuta unaiongezea nguvu. Kompyuta ya gemu ya maana dukani haipatikani chini ya elfu mbili, kwa sababu kadi ya picha, kile kipande cha ndani kinachochora gemu kwenye kioo, peke yake inakula nusu ya pesa hizo. Yake yeye, kwa kuwa anaziunda kwa mikono yake na kwa kuwa sisi sote ni ndugu, ni mia saba. Ubaya wa maneno ya Faraz ni kwamba karibu yote yalikuwa kweli. Uongo ulikuwa kwenye boksi tu.

Sasa mteja naye si mjinga, atataka kuona. Hapo ndipo Faraz alipoonyesha ufundi. Alifika nyumba ya mtu na boksi la taa mkononi na mkoba begani, na ndani ya mkoba kulikuwa na konsoli mpya kabisa, ile ile aliyokuwa akiisema vibaya. Aliomba maji ya kunywa. Mwenyeji akienda jikoni, konsoli iliingia kabatini nyuma ya vyombo, waya wake ukaingia kwenye televisheni, na boksi likachomekwa kwenye umeme liwake taa zake kwa raha zake. Kisha pedi ya kuchezea ikabonyezwa, na magari yakakimbia kwenye kioo mpaka vumbi ukalihesabu chembe moja moja. Baada ya mapatano aliomba nafasi ya kupanga nyaya vizuri, konsoli ikarudi mkobani, na mteja akaachwa na maagizo kwamba siku chache za mwanzo mashine inapakua mafaili na itakuwa nzito. Wakija kulalamika atawaambia intaneti yao ndogo. Katika jiji hili hakuna mtu asiyeamini kwamba intaneti yake ndogo.

Jambo moja tu lilimkaa vibaya rohoni. Konsoli ile haikuwa yake, ilikuwa ya Rida, binti yake, ambaye Jumamosi alikuwa anatimiza miaka kumi na mitatu. Rida alikuwa ameiomba kwa mwaka mzima, kwa sababu marafiki zake wote hucheza pamoja humo na yeye huwasikiliza wakisimulia. Faraz alifanya zamu za ziada wiki sita ghalani akainunua kabla bei haijapanda. Ilikuwa kitu pekee alichowahi kununua bila kumzunguka mtu, na kila alipoitazama alijisikia baba hasa. Alijiambia kuiazima siku chache hakuipunguzii kitu.

Mteja wa kwanza alikuwa Sabika, mama wa watoto watatu, akalipa mia saba bila kubembelezwa. Pesa hizo zilienda kwenye breki za gari. Wa pili alikuwa Khatijabai.

Khatijabai alikuwa mjane wa miaka sabini na minne, anakaa ghorofa ya kumi na moja katika majengo marefu ya Kingsview Village. Enzi zao, yeye na marehemu mumewe walikuwa na duka la redio Mwanza. Alitaka zawadi ya mjukuu wake, Mikail. Alimwambia Faraz aje Alhamisi saa saba mchana, na Faraz alipoweka simu chini alimshukuru Mungu kwa ajili ya mabibi.

Yote yalikwenda kama maji. Alimwamkia shikamoo, akaomba maji, akapewa maji na chai na chevda ya kutafuna na swali kuhusu afya ya mama yake. Konsoli ilikuwa nyuma ya sahani za maua kabla chai haijapoa. Taa ziliwaka, magari yakakimbia. Khatijabai alitazama kwa adabu, mikono imefumbatwa mapajani. Kisha akainuka polepole, akaweka kiganja juu ya boksi, akakiacha hapo kidogo. Akaenda kabatini akaweka kiganja juu ya mbao, kama anayetafuta vumbi. Faraz alimsifia kwa usafi wa nyumba.

Bibi aliuliza bei, akaambiwa mia saba. Faraz alijiandaa kwa mabishano ya nusu saa, kwa maana mtu aliyeuza dukani miaka thelathini hawezi kulipa bei ya kwanza hata ya nyanya. Khatijabai akatoa noti kwenye bahasha akalipa zote. Hapo Faraz angepaswa kuogopa. Badala yake alifurahi, na furaha ndiyo iliyomwangusha.

Alikuwa anafungua mdomo kuomba nafasi ya kupanga nyaya, kengele ikalia. Waliingia kina mama wawili wenye mabuibui, nyuma yao wanne, nyuma yao Sabika na bakuli la biriani. Ilikuwa Alhamisi, siku ya kisomo cha kina mama kwa Khatijabai, jambo ambalo jumuiya nzima ilikuwa ikilijua isipokuwa Faraz, kwa sababu mkewe alikuwa akimwambia kila wiki naye akiitikia bila kusikia. Meza ilisukumwa ukutani. Shuka jeupe likatandikwa chini. Mwanamume hakai kwenye kisomo cha kina mama, na hakuna mwanamume mwenye akili anayejaribu. Faraz akajikuta kwenye korido na mkoba mtupu begani, mlango umefungwa kwa upole nyuma yake.

Alikaa garini saa mbili na nusu. Mwanzoni alijipa moyo kwamba nani atafungua kabati la sahani. Baadaye akakumbuka ile biriani.

Saa kumi akapanda akagonga, akidai amesahau kufunga waya mmoja. Mlango ulifunguliwa wazi. Kina mama walikuwa wamekaa duara, sahani za maua mbele yao, wamekwisha kula. Khatijabai alisimama kizingitini na sinia la sambusa mikononi, na juu ya sinia, palipotakiwa kuwa na sambusa, ilikaa konsoli ya Rida.

"Faraz mwanangu," alisema, "tumetoa sahani tukakuta hiki nyuma yake. Ni chako?"

Nyuma yake Sabika alikuwa amenyoosha shingo. Alikuwa siku ya tano akisubiri mafaili yapakuliwe.

"Mbona yangu haikuja na hicho?" aliuliza Sabika, bila ubaya wowote, kwa kutaka kujua tu.

Faraz alitazama sinia. Akisema ni changu, ataulizwa kilikuwa kinafanya nini kabatini kwa mjane, na kabla jua halijazama kila simu ya jumuiya itakuwa na jibu. Akisema si changu, Rida hana zawadi. Aliwahi kusema uongo kwa polisi wa barabarani, kwa mwenye nyumba na kwa maulana mmoja, lakini haukuwahi kumuuma kama huu.

"Si changu, Mama," alisema.

"Una hakika? Ni kitu cha bei."

"Nina hakika."

"Basi nyote mmesikia," Khatijabai aliwaambia wenzake. "Mungu amemletea Mikail riziki yake."

Akamkabidhi Sabika sinia, akachukua boksi la taa yeye mwenyewe, akamsindikiza Faraz mpaka kwenye lifti kama mgeni wa heshima. Huko akamtilia boksi mikononi.

"Mashine inayofanya kazi hupata joto," alimwambia kwa sauti ya chini. "Hii ilikuwa baridi, kabati langu lilikuwa la moto. Marehemu mzee wangu alikuwa akiweka redio ya Kijerumani chini ya kaunta na ya bei rahisi juu, mteja anasikia hii anabeba ile. Alikuwa akificha vizuri kuliko wewe."

Faraz alibonyeza kitufe cha lifti kwa kiwiko.

"Mimi nimelipa mia saba kwa kilichocheza, na nimekipata. Mia saba hiyo hiyo umrudishie Sabika leo, ukachukue taka yako. Ukifanya hivyo, mimi nimezeeka, nasahau mambo." Lifti ikafunguka. "Msalimie mama."

Kwa hiyo jioni hiyo Faraz alimrudishia Sabika pesa zake, akijieleza kwamba dhamiri imemsumbua, na Sabika akamsifu mno. Ijumaa akaenda dukani kuulizia konsoli nyingine. Bei ilikuwa ile ile, yeye akiwa na dola arobaini na moja.

Jumamosi mkewe Zeena aliweka keki mezani. Faraz aliweka boksi la taa, lililofungwa kwa karatasi ya maua, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kuweka na kuja mikono mitupu hakukuwezekana. Rida alichana karatasi. Taa zilipowaka, uso wake nao uliwaka, na Faraz akaanza kueleza bila kukusudia: kazi za shule, bei za gemu, kuongezea nguvu. Maneno yalitoka yenyewe, laini kama siku zote.

Rida, ambaye kwa kawaida humjibu baba yake kwa Kiingereza, alikuwa mwanachama wa klabu ya roboti shuleni. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kuchukua bisibisi, akafungua ubavu wa kioo, akachungulia ndani kwa muda mrefu. Alipoinuka alimtazama baba yake kwa huruma ambayo Faraz hakuwahi kuiona usoni mwake. Safari hii alisema kwa Kiswahili, taratibu, ili asimuumize.

"Baba, umelipa ngapi?"

"Mia saba," alisema Faraz, kwa sababu ndiyo bei.

"Wamekuibia, Baba. Hii ni kompyuta ya ofisi. Haina hata kadi ya picha."

Akamkumbatia kwa nguvu. Alimwambia asijali, kwamba zawadi si kitu, kwamba ameona jinsi alivyofanya kazi wiki zote zile za zamu za ziada, na kwamba haiwezekani mtu amfanyie hivyo baba yake halafu akaachwa. Zeena alikuwa anafuta machozi kwa leso. Rida akakaa, akatoa simu, akafungua kundi la jumuiya lenye watu mia nne, akaandika onyo refu na la adabu, kisha akainua uso, kidole juu ya kioo, akamuuliza huyo mwizi anaitwa nani.